Majumba ya Lucknow na Mafunzo Yake Kwetu

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darasa zetu tumezoea kusoma habari za maulamaa na za wafalme wa Kiislamu, lakini ni mara chache tunaposoma habari za majengo waliyoyaacha. Na majengo ni mashahidi. Ayatazamaye kwa makini atajua ni nani aliyetoa mali, na mali ile aliipata wapi. Ni nani aliyebeba matofali kichwani, na ni nani aliyefaidika baada ya kazi kwisha. Basi leo twataka kuutazama mji mmoja wa Bara Hindi, nao ni Lucknow, mji ambao watawala wake walijenga kwa muda wa miaka themanini bila ya kupumzika. Suali letu ni moja tu: katika yote yaliyojengwa katika mji ule, ni lipi lililowafaa watu, na kwa sababu gani?

MJI NA WATAWALA WAKE

Lucknow uko kaskazini mwa Bara Hindi, ukingoni mwa mto Gomti, na leo ndio makao ya serikali ya jimbo la Uttar Pradesh. Zamani nchi ile ikiitwa Awadh, nayo ilikuwa chini ya dola ya Wamughali waliokuwa wakikaa Delhi. Mwaka 1722 mfalme wa Delhi, Muhammad Shah, alimweka Saadat Khan, aliyepewa lakabu ya Burhan-ul-Mulk, mtu wa asili ya Nishapur katika nchi ya Uajemi, awe liwali wake katika Awadh. Dola ya Delhi ilipozidi kudhoofika, maliwali hawa walioitwa Manawabu waligeuka kuwa watawala wenye nchi yao, wakarithiana katika ukoo mmoja. Kwa madhehebu walikuwa Mashia Ithnaashari; na raia zao wengi walikuwa Wahindu, pamoja na Waislamu wa Kisuni na wa Kishia. Twalitaja jambo hili ili msomaji azifahamu habari zitakazofuata, wala hatukusudii kufungua mlango wa mabishano.

Mwaka 1764 Nawabu wa tatu, Shuja-ud-Daula, alishindwa na jeshi la Kampuni ya Waingereza ya India ya Mashariki katika vita vya Buxar. Mwaka uliofuata alitozwa rupia laki 50 kuwa ndiyo fidia ya vita. Tangu siku zile Nawabu aliendelea kukaa kitini mwake, lakini mkono wa Kampuni ulikuwa mfukoni mwake. Alipokufa mwaka 1775, mwanawe Asaf-ud-Daula aliuacha mji wa Faizabad akahamishia makao ya utawala Lucknow. Huyu ndiye aliyeufanya Lucknow kuwa mji wa majumba.

JENGO LILILOJENGWA KATIKA NJAA

Katika miaka ya 1783 na 1784 mvua zilikosekana, na njaa kubwa ikaingia katika nchi za kaskazini mwa Bara Hindi. Watu walihama vijiji vyao wakaenda mijini kutafuta chakula. Katika mwaka huo wa 1784 Asaf-ud-Daula aliamrisha kuanzwa kujengwa jengo kubwa kuliko yote yaliyokuwa Lucknow, ili mwenye nguvu za kufanya kazi apate ujira, na kwa ujira wake apate kula. Jengo hilo ndilo Bara Imambara, yaani Imambara Kubwa.

Imambara ni nyumba ambayo Ithnaashari hukutanika ndani yake, hasa katika mwezi wa Muharram, kumkumbuka Sayyidna Husein, mjukuu wa Mtume, aliyeuawa Karbala. Jina hili si geni kwa wasomaji wetu, kwani katika miji yetu ya pwani tunao majirani wa madhehebu hayo, nao wana nyumba zao za namna hiyo. Lakini Imambara ya Lucknow ni zaidi ya nyumba moja. Ndani ya uwanja wake muna ukumbi mkubwa, na msikiti wenye minara miwili mirefu uitwao Msikiti wa Asafi, na kisima kikubwa cha ngazi ambacho mtu hushuka tabaka baada ya tabaka mpaka kufikia maji. Nje yake, juu ya njia kuu, pana lango liitwalo Rumi Darwaza, yaani Lango la Rumi. Urefu wake kwenda juu wapata mita 18, na limepewa jina hilo kwa kufananishwa na malango ya Istanbul, mji uliokuwa makao ya masultani wa Kituruki.

Masimulizi ya mji yawahesabu waliofanya kazi hapo kuwa watu 22,000. Na liko simulizi jingine ambalo kila mgeni afikaye Lucknow husimuliwa. Husemwa kwamba njaa ile haikuwagusa maskini peke yao, bali iliwafika hata watu wa nyumba kubwa, ambao walikuwa wakiona haya kuonekana wamebeba udongo pamoja na watu wa kawaida. Basi Nawabu akaweka kazi ya namna mbili: mchana watu wa kawaida wakijenga, na usiku, katika giza, waungwana wakibomoa sehemu ya kile kilichojengwa, ili nao wapate ujira na nyuso zao zisitambulikane. Hilo ni simulizi la watu wa mjini, nasi twalipokea kuwa ni simulizi. Lakini lina maana ya kuzingatiwa. Mwenye shida ana njaa mbili: njaa ya tumbo, na njaa ya heshima yake isivunjwe. Wangapi miongoni mwetu hutoa sadaka mbele ya kadamnasi, wakaishibisha ile ya kwanza na kuizidisha ile ya pili!

USTADI WA MAFUNDI

Mwenye kusimamia kazi hiyo alikuwa fundi aitwaye Kifayatullah, mtu wa Delhi. Naye alikuwa na tatizo ambalo wenzake wa Delhi na Agra hawakuwa nalo. Wale walijenga kwa mawe mekundu na marumaru, lakini Lucknow uko katika nchi ya udongo wa mto, haina machimbo ya mawe. Kwa hivyo alijenga kwa matofali membamba ya udongo wa kuchoma, akayashikanisha kwa chokaa. Na nakshi zote zinazoonekana kutani, maua na majani na mataji, ni chokaa iliyokandwa na kuchongwa kwa mkono.

Sisi watu wa pwani twaweza kuufahamu ustadi huu kuliko wengi, kwani nyumba zetu za kale za Mombasa na Lamu nazo ni za chokaa, na mafundi wetu wakizipamba kuta zao kwa nakshi za chokaa. Lakini nyumba zetu zimeezekwa kwa boriti, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Ndiyo sababu vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3. Sasa tufikiri: ukumbi wa Imambara Kubwa una urefu upatao mita 50, upana upatao mita 16, na dari yake iko juu kwa kiasi cha mita 15, na chini ya dari hiyo hamuna boriti hata moja, wala hamuna nguzo katikati!

Vipi waliweza? Dari ile ni tao moja kubwa. Waliolichunguza jengo wameeleza kwamba mafundi walitengeneza kwanza umbo la dari kwa matofali na udongo, kama mtu atengenezavyo kalibu. Juu ya umbo hilo wakamwaga tabaka nene la kokoto na chokaa, wakaliacha likauke kwa muda mrefu, mwaka na zaidi. Lilipokwisha kushikana likawa kitu kimoja kama jiwe, wakaliondoa lile umbo la chini, na dari ikabaki imesimama peke yake. Uzito wake haukulemea ukumbi, bali uliteremka pande zote mbili katika kuta nene na vyumba vinavyouzunguka.

Na juu ya ukumbi, ndani ya unene wa kuta na pembezoni mwa dari, wakaacha njia nyembamba nyingi, zenye kupanda na kushuka, zikikatana na kurudiana. Milango inayofanana katika njia hizo hutajwa kuwa 489. Watu wa Lucknow huziita Bhul-bhulaiya, yaani mahali pa kupotea, na mgeni asiye na kiongozi hupotea kwa kweli. Wengi hudhani zilifanywa kwa mchezo. Lakini faida yake kubwa ni kwamba uwazi ule wapunguza uzito wa jengo na kupitisha hewa. Kadhalika ukumbi huchukua sauti kwa namna ya ajabu: kiberiti kikiwashwa katika roshani ya upande mmoja, mlio wake husikika upande wa pili. Zaidi ya miaka 200 imepita, na dari ile ingali imesimama.

MALI ILITOKA WAPI?

Hata hapa tumemsifu Nawabu, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini mwenye kutafuta haki hatosheki na upande mmoja wa mizani.

Asaf-ud-Daula alikuwa akidaiwa na Kampuni mali nyingi. Mwaka 1781 alikutana na mkuu wa serikali ya Kampuni, Warren Hastings, katika mji wa Chunar, wakaafikiana kwamba deni litalipwa kwa hazina za Mabegumu wa Faizabad. Na Mabegumu hao walikuwa ni nani? Walikuwa ni mama wa Nawabu mwenyewe na bibi yake. Mwanzo wa mwaka 1782 askari waliingia Faizabad, na matowashi wawili waliokuwa wasimamizi wa mali ya mabibi hao wakafungwa minyororo mpaka hazina zilipotolewa. Jambo hili lilikuwa mojawapo ya mashtaka aliyoshtakiwa Hastings mbele ya Bunge la Uingereza, katika kesi iliyoanza mwaka 1788 na kumalizika mwaka 1795 kwa kuachiliwa kwake.

Basi miaka miwili tu kabla ya kuanza kujenga Imambara, mtu yule yule aliyekuja kuwastiri waungwana wenye njaa aliiacha mali ya mamake ichukuliwe kwa nguvu za askari. Mkono mmoja ukitoa, na mkono wa pili ukinyang'anya. Nasi hatusemi haya ili kuitoa thamani kazi yake njema. Twasema ili tujue kwamba wema hautazamwi pale unapotolewa tu. Hutazamwa pia pale ulipochukuliwa.

Tena watu wa Lucknow walipomsifu Nawabu wao kwa ukarimu walikuwa na msemo kwamba yule asiyepewa na Mola, hupewa na Asaf-ud-Daula. Msemo huu haufai kutoka kinywani mwa Mwislamu, hata kama msemaji amekusudia mzaha. Mpaji ni Mwenyezi Mungu, na tajiri ni njia tu ya kupitishia riziki. Na mtu akisikia sifa za namna hii kila siku, haukawii moyo wake kuzisadiki. Asaf-ud-Daula alikufa mwaka 1797, akazikwa chini ya ule ukumbi wake mkubwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza kujenga juu ya makaburi, na uzuri wa jengo haubadilishi hukumu hiyo.

MAJUMBA YA FAHARI NA KUONDOKA KWA UFALME

Mwaka 1801 Nawabu Saadat Ali Khan alilazimishwa kuipa Kampuni karibu nusu ya nchi yake. Kampuni ikachukua kazi ya ulinzi, ikamwachia Nawabu kodi za nchi iliyobaki. Hili ndilo fundo la habari yetu. Mtawala asiye na jeshi la kuliongoza, wala mpaka wa kuulinda, wala siasa ya kuiendesha, lakini ana hazina iliyojaa, atafanya nini? Atajenga. Na Waingereza hawakumzuia, kwani jumba jipya halikuwa hatari kwao. Hata mwaka 1819 walimpa Ghazi-ud-Din Haidar jina la mfalme, akavikwa taji. Jina likakua katika wakati ule ule ambao mamlaka yalikuwa yakipungua.

Mwaka 1838 Muhammad Ali Shah alijenga Imambara ya Husainabad, iliyo ndogo kuliko ile ya kwanza, yenye kuba la rangi ya dhahabu na taa nyingi za kioo. Akaanza pia kujenga Msikiti wa Jamii mkubwa, lakini mauti yalimfika mwaka 1842 kabla haujesha, ukamalizwa na jamaa zake. Wa mwisho alikuwa Wajid Ali Shah, aliyetawala tangu mwaka 1847. Yeye alijenga Qaisarbagh kati ya mwaka 1848 na 1850: majumba yaliyozunguka bustani, na malango yenye sura za samaki wawili, ambao walikuwa alama ya ukoo wao, na kumbi za muziki, michezo na mashairi. Alikuwa mtunzi na mpenda ngoma. Tukiupima mji kwa nakshi tu, Lucknow haukupata kupendeza kama siku zile.

Mwezi wa Februari mwaka 1856 Kampuni ilimwondoa kitini, ikaitwaa nchi yote kwa madai kwamba alikuwa ameshindwa kuitawala. Madai hayo yalikuwa na tamaa ndani yake, wala hatuwezi kuwatakasa waliomnyang'anya. Lakini twajiuliza: alikuwa na nini cha kuwazuia? Yeye alikwenda Calcutta, ambako alikufa mwaka 1887. Mamake, Malika Kishwar, alisafiri mpaka London kupeleka mashtaka mbele ya Malkia wa Uingereza. Akarudi bila ya kitu, na mwezi wa Januari 1858 akafa Paris, akazikwa huko, mbali na majumba yote ya mwanawe.

Katika mwaka 1857 askari na raia waliwaasi Waingereza. Hazrat Mahal, mmoja wa wake wa Wajid Ali Shah, alibaki Lucknow, akamtawaza mwanawe mdogo Birjis Qadr, akasimamia vita kwa miezi mingi. Yeye hakuwa na jumba lenye jina lake, lakini alionyesha ushujaa ambao wanaume wa ukoo ule walikuwa wameusahau. Mwezi wa Novemba 1857 Waingereza waliishambulia Sikandar Bagh, bustani aliyoijenga Wajid Ali Shah kwa ajili ya starehe, na ndani ya kuta zake wakauawa wapiganaji wapatao 2,000. Mwezi wa Machi 1858 mji wote ulitekwa. Hazrat Mahal alikataa msamaha wa washindi, akakimbilia Nepal, akafa huko Kathmandu mwaka 1879.

Washindi walikata njia pana katikati ya mitaa ya kale ili askari na mizinga ipate kupita. Sehemu kubwa ya Qaisarbagh ilibomolewa, na leo yamebaki malango mawili na kumbi chache. Imambara Kubwa nayo iligeuzwa ngome na ghala ya silaha. Nyumba iliyojengwa ili wenye njaa wapate kula ikawekwa baruti!

NYUMBA ISIYO NA KUBA

Sasa twende mtaa wa Chowk, katika Lucknow ya kale, tukaitazame nyumba ambayo mgeni angeipita bila ya kuinua macho. Yaitwa Farangi Mahal. Farangi ni jina walilowaita Wazungu, na nyumba iliitwa hivyo kwa kuwa zamani ilikuwa ya mfanyabiashara wa Kizungu. Haina kuba la dhahabu, wala lango la mita 18.

Mwishoni mwa karne ya 17, kabla Manawabu hawajafika Awadh, mwanachuoni mmoja aliyeitwa Mulla Qutbuddin wa Sihali aliuawa kijijini kwake katika ugomvi wa ardhi. Mfalme Aurangzeb akawapa watoto wake nyumba hii ya Lucknow wapate kukaa. Mmoja wao, Mulla Nizamuddin, aliyekufa mwaka 1748, aliketi hapo akisomesha, akaupanga utaratibu wa masomo: nahau na sarufi, mantiki, hisabati, fiqhi na usuli zake, tafsiri na hadithi, kila somo na vitabu vyake, kimoja kikimwandaa mwanafunzi kwa kinachofuata. Utaratibu huo ukaitwa kwa jina lake, Dars-i Nizami. Nyumba ilikuwa ya Kisuni na watawala walikuwa wa Kishia, lakini wanafunzi wa pande zote mbili waliketi hapo wakasoma.

Mulla Nizamuddin hakuacha jiwe juu ya jiwe. Aliacha utaratibu katika vichwa vya watu, na vichwa vile vikatembea. Mwaka 1856 ufalme uliondoka, na darasa hazikuondoka. Mwaka 1857 mizinga ilivunja kuta, na Dars-i Nizami haikuwa kutani hata ivunjike. Mwanachuoni Abdul Hayy wa Farangi Mahal, aliyezaliwa mwaka 1848, wakati Qaisarbagh ikijengwa, na kufa mwaka 1886, aliandika vitabu vya hadithi na fiqhi vinavyosomwa mpaka leo na wanafunzi wa nchi za Kiarabu. Mwaka 1866 ilipofunguliwa Darul Ulum ya Deoband, msingi wa masomo yake ulikuwa ni utaratibu ule ule. Na leo wafuatwa, kwa mabadiliko, katika madrasa nyingi za India, Pakistan na Bangladesh.

Lakini hata utaratibu mwema huzeeka. Palitokea maulamaa walioona kwamba vitabu vya mantiki ya kale vimechukua wakati mwingi mno, na kwamba mwanafunzi hutoka hajui kusema Kiarabu wala hajui habari za ulimwengu anaoishi. Kwa ajili hiyo mwaka 1898 ilifunguliwa Lucknow Darul Ulum ya Nadwatul Ulama, ili kuitengeneza elimu ya kale na kuongeza iliyo mpya. Na hili ndilo jambo la kuangaliwa: utaratibu uliotoka mji ule ulitengenezwa katika mji ule ule. Watu wa Lucknow hawakuufanya urithi wao kuwa sanamu. Waliupokea, wakautumia, wakausahihisha.

MAFUNZO

Ndugu zetu, hatukuandika haya ili kulaumu majengo mazuri. Uislamu haukukataza uzuri, na fundi Kifayatullah, kwa ustadi wake katika chokaa na matofali, anastahili kukumbukwa pamoja na wenye elimu. Lilo baya ni israfu, na kujenga kwa kutaka kutajwa. Katika Lucknow tumeona majengo ya namna tatu. La kwanza lilijengwa ili watu wale. Jengo likabaki, na habari ya ujira ule ikabaki pamoja nalo. La pili lilijengwa kwa fahari na starehe. Likavunjwa kabla halijatimiza miaka kumi, na hapana aliyekwenda kulilia isipokuwa mwenyewe. La tatu halikujengwa kabisa: lilikuwa nyumba ya kupewa, ikajazwa elimu, na hiyo ndiyo iliyofika mbali kuliko yote.

Tumefundishwa kwamba mtu akifa amali zake hukatika, isipokuwa sadaka inayoendelea, na elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumwombea. Basi tuitazame miji yetu. Tunapotaka kujenga, fedha huchangwa kwa mnara na kwa marumaru, na kila mmoja ataka jina lake liandikwe ukutani. Lakini mwalimu wa chuo atakapoomba mshahara wake wa mwezi, au watoto watakapokosa vitabu, mifuko hufungwa na maneno huwa mengi. Twataka jengo, wala hatutaki kile ambacho jengo limejengwa kwa ajili yake. Hatusemi msikiti usijengwe. Twasema kabla ya kuongeza mnara wa pili, na tuulize kama mwalimu aliye chini ya mnara wa kwanza amekula.

Katika darasa ijayo twaomba kila mmoja wetu aje na jawabu ya masuali haya matatu. Kwanza: katika mtaa wake, ni jengo gani lililojengwa kwa waqfu, na faida ya waqfu huo leo yamfikia nani? Pili: pakitokea njaa au ukosefu wa kazi, ni kazi gani yenye manufaa ambayo twaweza kuwapa watu kwa ujira, pasi na kuwavunjia heshima? Tatu: katika masomo tunayowasomesha watoto wetu, ni lipi linalostahili kubaki kama lilivyo, na ni lipi linalohitaji kutengenezwa?

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie mali zetu zitoke katika halali na ziende katika heri, na atujaalie kuacha nyuma yetu kitu kitakachowafaa waja wake. Amin.